Soweto Ruksa, Nyumbani Mwiko

"Kazi ya mwanafunzi ni kusoma. Siasa awaachie wenyewe." Maneno haya nimeyasikia kwa wakuu wa shule, kwa maofisa elimu, kwa wazazi katika mikutano ya bodi za shule, na hata kwa walimu vijana walioajiriwa juzi. Husemwa kwa sauti ya upole, kana kwamba ni wosia wa wahenga, na aghalabu msemaji hutikisa kichwa kidogo ili mkutano uone jinsi anavyowaonea huruma vijana. Mimi sikubaliani nayo. Nimeyatafakari kwa miaka mingi niliyokaa na vijana waliokuwa wakijiandaa kuwa walimu, na nionavyo mimi maneno hayo yamelidhuru taifa letu kuliko upungufu wa madawati.

Kwanza, maneno yenyewe si ya kweli. Hatujapata kumkataza mwanafunzi wa nchi hii kujiingiza katika siasa. Tumemkataza siasa za karibu tu. Siasa za mbali tulimlazimisha. Sisi tuliosoma miaka ya 1960 tulifundishwa kumchukia Ian Smith kabla hatujajua kukokotoa riba. Alipojitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, Novemba 11, 1965, walimu wetu walituelezea jambo lile kwa ramani na kwa hasira, na mwezi uliofuata Serikali yetu ilipovunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza tulishangilia kama watu walioshinda mechi. Tuliimba juu ya Msumbiji na Angola. Tuliandika insha juu ya Vietnam. Mtoto wa darasa la saba aliweza kukutajia miji ya Afrika Kusini aliyokuwa hajapata kuiona hata kwenye picha, na akakueleza kwa nini Makaburu ni wabaya. Hilo lilikuwa jema, nami silijutii. Nchi iliyowapa hifadhi wapigania uhuru, iliyowapa FRELIMO makazi na ANC ardhi ya kujenga shule pale Mazimbu, Morogoro, ilipaswa kuwa na watoto wanaojua kwa nini wageni wale wapo.

Lakini mtoto huyohuyo angeuliza kwa nini mwenyekiti wa kijiji hasomi mapato na matumizi mkutanoni, angeambiwa hana adabu. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Tulimzoesha kijana kuamini kwamba dhuluma ni kitu kinachokaa ng'ambo ya mto, kina ngozi tofauti na yake, na hutajwa kwa majina ya kigeni. Ya mbali ayalaani kwa sauti kubwa. Ya nyumbani ayanong'one bwenini baada ya taa kuzimwa.

Chukua mfano ulio wazi kuliko yote. Kila mwaka, Juni 16, shule zetu huadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika. Watoto huvalishwa fulana, kwaya huimba, ngonjera hughanwa, mgeni rasmi hutoa hotuba ndefu juani huku watoto wakisimama. Siku hiyo iliwekwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika na kuanza kuadhimishwa mwaka 1991. Je, tunaadhimisha nini hasa? Tunaadhimisha wanafunzi wa Soweto ambao tarehe hiyo mwaka 1976 waliacha madarasa, wakaandamana bila kibali cha mtu yeyote, wakipinga amri ya Serikali yao ya kutaka baadhi ya masomo yafundishwe kwa Kiafrikaans. Walipigwa risasi. Hector Pieterson, mtoto ambaye picha ya mwili wake ilizunguka dunia nzima, alikuwa bado mwanafunzi wa shule.

Msomaji na afikiri jambo hili kwa makini. Tunawakusanya watoto wetu kuwasifu watoto waliogoma. Mkuu wa shule anayesoma risala ya kuwapongeza mashujaa wa Soweto ndiye atakayemsimamisha masomo kiranja siku ya pili yake kwa kuuliza fedha ya chakula imekwenda wapi. Naye haoni kichekesho chochote, kwa maana akilini mwake Soweto ni nchi ya hadithi, na watoto wa Soweto walipata haki ya kusema kwa kuwa waliyempinga alikuwa Kaburu. Angekuwa Mwafrika mwenzao wangeitwa wahuni.

Naam, nyani haoni kundule. Tena kasoro hii haikuanza na walimu wa leo. Ina historia, na historia yake imeandikwa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nitaitaja mara tatu, maana kila mara ina funzo lake.

Mara ya kwanza ni Oktoba 22, 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wa elimu ya juu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara ambao wangeupata. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga. Baadhi yao walibeba bango lililosema kwamba afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere alikasirika, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Mimi nilikuwa kijana mdogo shuleni, na ninakumbuka jinsi wazazi wetu walivyowalaani wasomi wale. Hata leo nadhani wanafunzi wale walikosea. Taifa maskini lilikuwa limewasomesha kwa jasho la wakulima, nao wakalinganisha kulitumikia na kutawaliwa.

Lakini tazama kilichofuata. Walikuwa wamesema pia kwamba viongozi wanaowataka wajinyime wao wenyewe wanalipwa minono. Mwalimu hakuipuuza hoja hiyo. Siku ileile alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wengine Serikalini ikapunguzwa pia. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha na miiko yake ya uongozi. Machi mwaka huohuo ikatoka Elimu ya Kujitegemea. Sisemi kwamba mabango ya wanafunzi ndiyo yaliyozaa Azimio. Nasema kwamba maoni mabaya, yaliyotolewa kwa ubinafsi, yalikuwa na punje ya kweli ndani yake, na punje ile ilipata mwenye kuiokota kwa sababu ilisemwa hadharani. Wangenyamaza, wangeingia JKT wamenuna, na wakubwa wangeendelea na mishahara yao.

Mara ya pili ni mwaka 1970. Wakati huo pale Mlimani palikuwa na chama cha wanafunzi kilichojulikana kwa kifupi kama USARF, ambacho Yoweri Museveni wa Uganda alipata kuwa mwenyekiti wake. Vijana hawa walikuwa kinyume kabisa cha wale wa 1966. Walisoma usiku na mchana, walikwenda kuona maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO, walishirikiana na Walter Rodney, na tangu Novemba 1969 walitoa jarida liitwalo Cheche. Walipoandika juu ya ubeberu wa Marekani walisifiwa. Walipoanza kuandika juu ya nani hasa anashika uchumi wa Tanzania baada ya Azimio, kama alivyofanya Issa Shivji katika makala yake ndefu ya mwaka 1970, mambo yakabadilika. Novemba 1970 chama kikavunjwa na jarida likafungwa. Hao hawakuwa wabinafsi. Waliliamini Azimio kuliko wengi waliokuwa wakilihubiri majukwaani.

Mara ya tatu ni Machi 1978. Bunge lilikuwa limepitisha nyongeza ya marupurupu kwa mawaziri na wabunge. Wanafunzi wa Mlimani wakaandamana kupinga, wakisema jambo hilo linapingana na Azimio la Arusha. Mamia yao wakafukuzwa.

Sasa ziweke habari hizi tatu pamoja. Mwaka 1966 wanafunzi walifukuzwa kwa kudai yao. Mwaka 1970 walinyamazishwa kwa kulifikiria Azimio kwa kina. Mwaka 1978 walifukuzwa kwa kulitetea Azimio dhidi ya wakubwa waliolisahau. Walikuwa upande mbaya, wakaadhibiwa. Wakaja upande mzuri, wakaadhibiwa. Basi haiwezekani kwamba kosa lao lilikuwa ni maoni yenyewe, maana maoni yalibadilika na adhabu ikabaki ileile. Kosa lilikuwa ni kusema juu ya nyumbani.

Kuna watakaoniambia kwamba namshambulia Mwalimu. La hasha. Nawakumbusha alichoandika. Katika kijitabu chake Tujisahihishe cha mwaka 1962 aliwataka wanachama wa TANU waambiane ukweli na kukosoana bila kuogopana. Katika Elimu ya Kujitegemea alitaka shule zimjenge kijana mwenye akili ya kudadisi, mwenye uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa lisilomfaa, na anayejiamini kwamba yu sawa na wenzake. Sisi wenye shule tulifanya nini na maneno hayo? Tulichagua jembe tukaacha udadisi. Kila shule ililima shamba na kufuga kuku, na wakaguzi walihesabu magunia ya mahindi. Hakuna mkaguzi niliyemwona akihesabu maswali ya wanafunzi.

Badala ya udadisi tukawapa somo la Siasa, ambalo baadaye, ulipoingia mfumo wa vyama vingi, liligeuzwa jina likaitwa Uraia. Jina lilibadilika, namna ya kufundisha ikabaki ileile. Taja sifa nne za kiongozi bora. Eleza umuhimu wa mwenge. Orodhesha faida tano za muungano. Mwanafunzi aliyeandika faida tano alipata alama zote, na aliyeandika faida nne na tatizo moja alipata alama nne. Hivyo ndivyo tulivyowafundisha watoto kwamba fikra ina hasara yake, nayo ni alama moja.

Midahalo nayo? Kila aliyesoma katika nchi hii ataikumbuka mada mbili: kwamba elimu ni bora kuliko mali, na kwamba mkulima ni bora kuliko daktari. Mada hizi zimejadiliwa Ijumaa baada ya Ijumaa kwa zaidi ya nusu karne, na hadi leo hatujapata jibu, wala hatukutaka kulipata. Zilichaguliwa kwa sababu hazimgusi mtu. Katika sekondari tuliongeza mzigo mwingine: mdahalo lazima uwe kwa Kiingereza. Kijana aliyekuwa na hoja akakosa maneno, na aliyekuwa na maneno hakuhitaji hoja. Wakapigiwa makofi waliokariri.

Mimi nilikuwa na bahati ya kufanya kazi katika chuo cha ualimu wa shule za msingi, ambako lugha ya kufundishia ni Kiswahili, na kwa hiyo najua kinachotokea lugha inapoondolewa njiani. Katikati ya miaka ya 1990, wakati sera ya wananchi kuchangia gharama za elimu ilipokuwa imepamba moto, wanachuo waliniletea mada ya mdahalo: kwamba mzazi mkulima asichangie gharama za elimu. Nikaidhinisha. Habari zikatangulia kufika mjini, na ofisa mmoja akanipigia simu kuniuliza kama chuo changu kimekuwa tawi la chama cha upinzani. Nilimjibu kwamba wanaoitetea sera ya Serikali ni wengi sawa na wanaoipinga, maana nimewagawa mwenyewe, na kwamba yeye anakaribishwa. Hakuja.

Wanachuo walijiandaa kwa wiki mbili. Sharti langu lilikuwa moja: asiye na tarakimu asisimame. Wakaenda kijijini jirani kuuliza mkulima anauza gunia kwa bei gani, baada ya kulipa palizi na usafiri anabakiwa na nini, na ana watoto wangapi shuleni. Upande wa pili wakatafuta gharama ya kumweka mwanachuo mmoja kwa mwaka: unga, maharage, kuni, chaki, mishahara. Siku ya mdahalo hakuna aliyemtukana kiongozi, wala aliyetaja chama. Kijana mmoja aliyekuwa akiipinga sera aliketi katikati ya hotuba yake baada ya kuulizwa fedha ya maharage anayokula itoke wapi, kisha akanyoosha mkono tena akasema kwamba bado anaipinga, ila sasa anaona ni lazima aseme nani alipe. Nilifurahi kuliko siku ya mahafali. Alikuwa amejifunza kwamba kuipinga sera ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kutafuta mbadala wake. Hilo halipatikani katika orodha ya faida tano.

Nijibu sasa hoja za wanaonipinga, maana si za kudharau zote.

Wanasema: hawa ni watoto. Watoto gani? Kijana wa kidato cha sita au mwanachuo ana umri wa kupiga kura, na Katiba yetu, katika ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, na kwayo vijana hao wakimaliza kidato cha sita huchukuliwa kambini kufundishwa kuilinda nchi. Basi akili ya kushika bunduki anayo, ya kushika hoja hana? Na akishapewa cheti kisha apangiwe kijiji ambako yeye ndiye msomi pekee, ataelezaje wananchi juu ya sheria ya ardhi kama sisi tulimzuia asiisome kwa jicho la kuuliza?

Wanasema: vyama vitaingia shuleni. Hofu hii ina msingi. Tangu sheria ya mwaka 1992 iliporuhusu vyama vingi, tulikubaliana kwamba shule si mahali pa kadi na bendera, nami nasimama hapo kwa miguu miwili. Mwalimu anayewagawia wanafunzi fulana za chama, chochote kile, hafai kuwa mwalimu. Lakini chama ni kitu kimoja na siasa ni kitu kingine. Bei ya pamba ni siasa. Mkopo wa elimu ya juu ni siasa. Zahanati isiyo na dawa ni siasa. Tukimzuia mwanafunzi kuyajadili hayo mbele ya mwalimu ambaye atamdai ushahidi, hatukuizuia siasa. Tumemkabidhi kijana kwa mtu wa chama atakayemngoja nje ya geti, na huyo hatamdai ushahidi wowote.

Wanasema: vijana wana jazba, maoni yao hayajapevuka. Hili ni kweli, na mimi si miongoni mwa wazee wanaowapaka vijana mafuta kwa mgongo wa chupa. Siku hizi ninapoongea na wanafunzi wanaokuja kunisalimia, naona wengi wao wana shujaa mmoja, Kapteni Ibrahim Traoré aliyetwaa madaraka Burkina Faso kwa mapinduzi ya Septemba 2022. Wananionyesha video zake simuni, nyingine za kughushi waziwazi, ambamo huzungumza Kiingereza fasaha na kufanya miujiza. Nikiwauliza ni nani atakayemwondoa akikosea, wananyamaza. Nikiwauliza diwani wa kata yao anaitwa nani, wanacheka. Juu ya Gaza na Ukraine wana maoni makali; juu ya Kongo, jirani yetu, ambako Goma ilitekwa na M23 Januari 2025, wengi hawana hata maoni dhaifu.

Lakini nani aliwafundisha hivyo? Ni sisi tuliowazoesha kwamba ya mbali ni ruksa na ya karibu ni mwiko. Kijana aliyekatazwa kupima uongozi wa diwani wake hana mizani ya kumpimia kapteni wa nchi ya mbali. Atampenda kama anavyopenda timu ya mpira. Maoni hupevuka kwa kutolewa, kupingwa, kuaibika kidogo na kurekebishwa. Hayapevuki kwa kufunikwa kama ndizi. Samaki mkunje angali mbichi, na kumkunja maana yake ni kumshika, si kumtupa jaani kisha kulalamika kwamba amekauka.

Tazama majirani zetu. Mwaka 2024 vijana wa Kenya waliuchukua Muswada wa Fedha, kitu ambacho watu wazima wengi hawajapata kukifungua, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa lugha za makabila na kwa Sheng', wakakokotoa kodi ya mkate na ya gari. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni Nairobi, watu wakapigwa risasi wakafa. Siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Sisifu kuchomwa kwa jengo lolote, na roho za vijana wale hazirudi. Ninachokisifu ni kule kuusoma muswada. Ile ilikuwa kazi ya darasani, iliyofanywa nje ya darasa na vijana wenyewe, bila mwalimu.

Kisha ikaja zamu yetu. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, vijana waliingia barabarani Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya na kwingineko. Intaneti ikazimwa. Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Watu waliuawa, mali ikateketea, na Novemba Rais akaunda tume ya kuchunguza. Baada ya hapo nimesikia katika misiba na katika vijiwe vya kahawa neno moja likirudiwa kuwahusu vijana wale: walifuata mkumbo.

Wenzangu walimu, neno hilo linatuhusu sisi. Kama ni kweli kwamba maelfu ya vijana waliopita mikononi mwetu, wengine kwa miaka kumi na mmoja au kumi na mitatu, walifuata mkumbo bila kujua wanataka nini, basi miaka yote hiyo tulikuwa tukiwafundisha nini? Mkumbo hufuatwa na mtu ambaye hakuzoezwa kusimama peke yake akasema, "Mimi sikubaliani." Na kama si kweli, kama walijua wanachokitaka, basi ni kwa nini mahali pa kwanza pa kukisema pakawa barabarani? Vyovyote utakavyojibu, shule imeulizwa swali. Wale ambao kwa miaka yote walisema siasa waachiwe wenyewe wajue kwamba vijana wamekwisha kuamua kuwa wenyewe ni wao.

Najua wazee wa rika langu wanapenda kusema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Linaharibika sana, ikiwa wazee waliopo wanaziba masikio. Nikumbushe jambo moja la heshima katika historia yetu. Mwaka 1991 iliundwa Tume ya Jaji Francis Nyalali kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Takriban asilimia 80 ya waliohojiwa walisema chama kimoja kibaki, na karibu asilimia 20 wakataka vyama vingi. Tume ikashauri tuingie vyama vingi, na Serikali ikakubali. Walio wachache walisikilizwa kwa kuwa hoja yao ilikuwa na uzito, na hata baadhi ya waliotaka chama kimoja walikuwa wametoa kasoro zilizohitaji marekebisho. Taifa lililoweza kulifanya hilo haliwezi kushindwa kumsikiliza kijana mmoja wa kidato cha tatu darasani.

Basi tufanye nini? Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Nalikaribisha, kwa sharti kwamba historia hiyo isiwe risala ya mgeni rasmi. Ndani yake mwalimu aufundishe mwaka 1966, 1970 na 1978, awagawe wanafunzi pande mbili, kisha awabadilishe pande. Midahalo ifanywe kwa lugha ambayo mwanafunzi anaotea ndoto, na mada moja kati ya mbili ihusu kata, wilaya au nchi yake. Baraza la wanafunzi lisomewe mapato na matumizi ya shule kila muhula, maana mtoto aliyezoea kusomewa hesabu za maharage hatakubali, akiwa mtu mzima, kunyimwa hesabu za kijiji. Na mwalimu atakayeidhinisha mada ngumu alindwe na mkuu wake, si kuripotiwa. Hayo yote hayahitaji fedha ya wafadhili. Yanahitaji mkuu wa shule anayeweza kupokea simu ya mkubwa na kujibu kwa adabu kwamba mdahalo utaendelea.

Juni 16 itakapofika tena, watoto watavaa fulana na kwaya itaimba. Namwomba kila mkuu wa shule, mgeni rasmi akishaondoka na gari lake, awarudishe wanafunzi darasani na kuwauliza swali moja: ninyi, hapa shuleni petu, ni jambo gani mngependa libadilike, na kwa sababu gani? Kisha akae chini, achukue kalamu, aandike wanayosema.